Vidonge Vyeupe vya Mama Mohau

Ha Lephoto, ng'ambo ya mto Senqu
9 Juni 1981

Dada yangu Nthabeleng,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Najua ukiona mwandiko wangu utasema, "Puseletso ameandika, basi ana shida," na leo hutakuwa umekosea. Barua hii nimeianza mara kadhaa nikalala katikati. Si utani, dada. Nalala nikiwa nimeshika kalamu.

Mohau hajambo. Ana mashavu, na akilia unajua kuna mwanamume ndani ya nyumba. Lakini tangu azaliwe hajapata tone la maziwa yangu. Unajua nilivyojifungua: damu ilitoka mpaka wanawake walionizalisha wakaanza kuimba nyimbo za kanisa, wakijua naenda zangu. Sikuenda. Kesho yake wakaniwekea mtoto kifuani, akavuta, akavuta, pakavu. Wakanipa uji mchachu wa mtama, wakanikanda na maji ya moto, wapi. Basi amelelewa na ng'ombe wa mama mkwe, na majirani wanamwita ndama.

Ingekuwa maziwa tu ningevumilia. Damu ya mwezi haijarudi. Nywele za kwapani zimepukutika zote, na za kichwani zinabaki kwenye kitana. Naota jua la mchana nimejifunga mablanketi mawili na bado meno yanagongana. Ndoo ya maji niliyokuwa naipandisha mlimani huku naimba, sasa nakaa chini njiani kupumzika, watoto wananipita wakinisalimu kama bibi kizee.

Na mama mkwe ana maelezo yake. Juzi nimemsikia akimwambia jirani uani, wala hakushusha sauti: "Mwenye kichanga hakauki maziwa hivihivi. Amekaushwa na mwingine aliye tumboni. Na mwanangu yuko Welkom, shimoni mgodini, tangu Krismasi. Sasa nani kamwekea?" Tangu siku hiyo kila nikipita watu wanatazama tumbo langu, wanangoja lichomoze. Wengine wamechoka kungoja, wanasema nimelitoa.

Wewe ni muuguzi, umeona wagonjwa wa kila aina. Nina nini, dada? Naogopa. Usiku nikilala naona kama kesho sitaweza kuamka, na cha ajabu sijali sana. Hilo la kutojali ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Tafadhali, usimwandikie Lebeko lolote. Yule ana moyo mzuri, lakini maneno ya mama yake yanamfikia kabla ya yangu.

Mdogo wako,
Puseletso


Welkom
2 Agosti 1981

Mke wangu Mama Mohau,

Nimepata barua yako ya mistari minne. Minne! Hata mkubwa wa kambi akinipa onyo huandika mingi zaidi.

Mama naye amemwomba mwalimu amwandikie, na barua yake ina kurasa tatu. Anasema unalala mchana kutwa kama paka wa dukani. Mimi nilicheka, nikawasomea wenzangu chumbani, nikidhani na wao watacheka. Mzee mmoja akaniambia, "Wewe kijana, mke akilala mchana, uliza usiku anafanya nini." Nilimrukia, watu wakatuachanisha. Nakwambia ili ujue kwamba nilimrukia. Mimi nakujua. Lakini na wewe nisaidie basi, niambie kuna nini. Mtu yuko chini ya ardhi, hewa ya moto, mwamba unalia juu ya kichwa chake, halafu anawaza nyumbani. Ndivyo watu wanavyokufa huku.

Unajua mimi ni peke yangu. Baba aliacha mtoto mmoja. Usiku tukizungumza hapa, kila mmoja anataja ndugu zake mpaka vidole vinakwisha, mimi natikisa kichwa tu. Sitaki Mohau akue hivyo. Nataka binti, apewe jina la mama, na mama akishapata wa jina lake atakuwa mpole, utaona. Krismasi nakuja, tulifanyie kazi jambo hilo, mama watoto, au umesahau jinsi ya kucheka na mimi?

Mama anasema kama wewe umechoka ziko njia nyingine, kuna binti wa jirani amemwona anajua kuchota maji. Nimemwambia anyamaze. Lakini unamjua mama.

Kula vizuri. Mbusu ndama wetu.

Mumeo,
Lebeko


Maseru
20 Septemba 1981

Mdogo wangu,

Natumaini umefika salama na hukusinzia ukaanguka kwenye boti ya kuvukia. Uliniomba nikuandikie upya aliyosema daktari kwa sababu siku ile ulikuwa unaitikia tu "ndiyo, ndiyo" huku macho yamefungwa. Haya, soma ukiwa umekaa juani.

Chini ya ubongo, nyuma kabisa ya mzizi wa pua, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Inaitwa pituitari. Ndogo hivyo hivyo, lakini ndiyo inayotuma amri mwilini, na amri zake zinasafiri ndani ya damu. Ndizo hizo homoni. Inayaambia matiti yatoe maziwa. Inayaambia mayai ya uzazi yaive kila mwezi. Inaiambia tezi ya shingoni ichochee joto. Na inaziambia tezi mbili zilizokaa juu ya figo zitoe kitu kinachomwezesha mtu kuinuka kitandani, kustahimili njaa, homa na habari mbaya. Bila kitu hicho mtu haishi.

Mwanamke akiwa na mimba, tezi hii inanenepa na kutaka damu nyingi. Siku uliyojifungua damu yako ikaishia kwenye mkeka. Wewe ukapona, tezi ikafa. Ndiyo hadithi yote. Matiti yako hayana kosa, tumbo lako halina kosa, figo zako hazina kosa. Vyote ni vizima, vimekaa vinangoja kuambiwa, na hakuna wa kuviambia.

Kwa hiyo hukuzini, hukurogwa, wala wewe si mvivu. Ningependa nije nisimame kwenye uwanja wa mama mkwe wako niyasome haya kwa sauti.

Sasa sikia vizuri. Vile vidonge vyeupe ulivyoondoka navyo vinafanya kazi ya tezi za juu ya figo. Kimoja asubuhi, nusu jioni. Hiyo si dawa ya kumeza ukapona ukaacha, ni ya maisha, kama ugali. Ukishikwa na homa au kutapika, zidisha mara mbili na uende kliniki siku hiyo hiyo. Ukiviacha ghafla, Puseletso, utakufa. Nimeliandika neno hilo kwa sababu ukiambiwa kwa upole husikii. Ukivimeza bila kukosa utazeeka, utakuwa na mikunjo, na utawasumbua wakwe zako. Dawa ya shingo daktari ataianza ukirudi baada ya mwaka mpya.

Kuhusu mtoto mwingine, ulimsikia. Alisema hapana, na mimi siwezi kulipaka asali.

Uliniapisha nisimwambie Lebeko. Nimeapa, na nimejikasirikia tangu siku hiyo. Mwambie wewe mwenyewe, tena kabla ya Krismasi. Akikurudisha kwetu kwa ajili ya hilo, kitanda changu kinatosha watu wawili na mtoto.

Dada yako,
Nthabeleng


Ha Lephoto
22 Novemba 1981

Dada Nthabeleng,

Nimelima! Siyo shamba lote, kipande cha maboga tu, lakini nimesimama na jembe tangu asubuhi na sikukaa chini. Wiki iliyopita Mohau alijaribu kutambaa akaangukia pua, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa nimesahau kwamba nacheka hivyo. Mama mkwe alitoka ndani kunitazama. "Kumbe ulikuwa unaigiza," akasema. "Mume anakaribia kurudi, mgonjwa amepona."

Nywele hazijarudi, na damu ndiyo hivyo tena, lakini asubuhi naamka nikiwa mtu. Vidonge nimevificha ndani ya kopo la mbegu. Namwamini huyo daktari wenu kama ninavyomwamini mchungaji, labda zaidi, maana mchungaji hajanipa kitu cha kumeza.

Lakini kumwambia Lebeko siwezi. Najua umeshakasirika. Kila barua anayoniletea ina yule binti anayetaka tumzae. Amekwisha kumpa jina, ameshaamua atasoma wapi, amenunua na kofia. Kofia, dada! Ya sufu, nyekundu. Nitamwambiaje mtu aliyenunua kofia? Nikimweleza habari za tezi, yeye atakachosikia ni kwamba mimi ni tasa. Na mama yake anangoja hilo tu, binti wa jirani anakuja kila siku kuazima chumvi ambayo kwao ipo.

Nikiwa na Lebeko akiwa hajui, nina mume. Akijua, sijui nitakuwa na nini. Niache nifurahie Krismasi hii moja. Nitameza nikiwa nimegeukia ukutani, hataona.

Mdogo wako mkaidi,
Puseletso


Welkom
13 Januari 1982

Shemeji yangu mchawi, Nthabeleng,

Heri ya mwaka mpya. Usishangae kupata barua yangu, wala usiwaite polisi. Nimeandika ili ujue kwamba leo umeshindwa.

Mlidhani mimi nimekaa shimoni mpaka akili imeingia vumbi. Krismasi nimemwona mdogo wako kila asubuhi anageukia ukutani, anarusha kitu mdomoni, anameza, halafu ananigeukia na uso wa malaika. Kila siku, bila kukosa. Nikajiuliza, ni kidonge gani hicho ambacho mwanamke anameza kila siku kwa siri ya mumewe? Huku kambini hakuna asiyejua. Wake wa wenzangu wawili walifanyiwa hivyo hivyo na wauguzi, miaka inapita, mwanamume anarudi likizo anapanda, hakioti kitu. Na dada wa mke wangu ni nani? Muuguzi! Nikasema, Lebeko, umekwisha kupata jibu.

Ningemuuliza angelia, mama angesikia, Krismasi ingeharibika. Nikatumia akili. Nilitafuta mpaka nikalipata kopo la mbegu. Vile vidonge vyenu nikavimimina vyote, nikavitia kwenye mfuko wangu. Mle ndani nikajaza vidonge vya chumvi, vile tunavyopewa sisi watu wa chini kwa sababu ya jasho. Vyeupe kwa vyeupe, hata ukubwa vinakaribiana. Nilikuwa navyo tele kwenye koti. Nikafunika, nikarudisha, nikaenda kucheza na mwanangu.

Basi anameza chumvi, shemeji, na hana habari! Chumvi haijamdhuru mtu. Sisi tunaila kila siku na ona tulivyo. Ikifika Pasaka atakuja kwako analia, "Dada, dawa yako imeshindwa, nina mimba," na wewe utamwambia nini? Ningetoa kondoo nione uso wako.

Sina kinyongo. Najua mlifikiri amechoka, alikuwa dhaifu, nami namwonea huruma. Lakini mambo ya ndani ya nyumba yangu nilipaswa kuulizwa. Mtoto akizaliwa nitakualika, na nyama ya mgongo ni yako.

Shemeji yako mjanja,
Lebeko


Ha Lephoto
24 Januari 1982

Dada,

Naandika kidogo kidogo. Ile baridi imerudi. Ni wakati wa joto, watu wanatupa mablanketi, mimi natetemeka.

Nilifikiri ni kumwaza Lebeko baada ya kuondoka. Halafu miguu ikaanza kukataa. Kisha chakula hakikai tumboni. Tangu juzi natapika hata maji, na nikisimama nyumba inazunguka. Mohau ananipanda kifuani anataka kucheza, siwezi kumwinua.

Dada, hospitali mmebadilisha dawa? Vile vya mwanzo vilikuwa vichungu. Hivi vya sasa vina ladha ya chumvi. Nimevimeza bila kukosa, haki ya Mungu sijakosa hata siku moja. Nilipoanza kutapika nikakumbuka ulichosema, nikazidisha mara mbili, na jana mara tatu. Sioni nguvu, naona kiu tu. Labda vimechoka kwa kukaa ndani ya mbegu. Niambie kama vinatakiwa kuwekwa mahali pengine.

Mvua haijakatika. Senqu imejaa, boti imevutwa juu na mwenye boti amekwenda kwao. Barua hii anaibeba mtu wa farasi anayezungukia darajani, mwendo wa siku tatu. Alisema atanibeba na mimi, nikajaribu kukaa juu ya farasi, nikaanguka. Mama mkwe alinidaka. Leo hakunisema. Amekaa na mimi ananilisha uji kwa kijiko, nao hautulii tumboni. Anafikiri natapika kwa sababu ya mimba. Amefurahi, dada. Ananishika mkono kwa upole kabisa, sijawahi kuona.

Njoo kama unaweza.

Puseletso


Maseru
5 Februari 1982

Lebeko,

Barua yako na ya Puseletso zimefika leo kwa pamoja. Nilianza na yako.

Nimekupigia simu ya maandishi kambini na nyingine kituo cha polisi cha mtoni. Kama hii inakukuta bado upo Welkom, acha kusoma, nenda kwa mkubwa wako sasa hivi, sema mke wako anakufa, panda chochote kinachokwenda nyumbani.

Kama unaisoma njiani, basi soma.

Havikuwa vidonge vya kuzuia mtoto. Hakuna aliyekuzuilia mtoto, ila siku Mohau alipozaliwa. Mkeo alitoka damu mpaka tezi moja kichwani mwake ikafa kwa kukosa damu. Tezi hiyo ndiyo inayoamrisha mwili. Nitakueleza kwa lugha ya shimoni unielewe: msimamizi wa zamu amekufa, watu wote wako chini na vifaa vyao, wazima, hodari, lakini hakuna anayewaambia waanze. Hakuna anayewasha feni. Hewa inawaishia wakiwa wamesimama. Ndiyo maana hakuwa na maziwa. Ndiyo maana alilala mchana mkamcheka, wewe na mama yako na wazee wako wa chumbani. Vile vidonge vilikuwa vinafanya kazi ya amri iliyokosekana. Ni kwa vidonge hivyo tu alikuwa anaishi. Wewe ukamwekea chumvi.

Anasema alipoona anaumwa alizidisha mara mbili, kisha mara tatu. Mimi ndiye niliyemfundisha kufanya hivyo. Ameimeza chumvi yako kwa utii wote, Lebeko, akingoja impe nguvu.

Nami sijitoi. Alinikataza nisikwambie kwa sababu alijua hatazaa tena, na alikuogopa. Hakuogopa kipigo, maana hujawahi kumpiga. Aliogopa ile kofia uliyonunua. Mimi nilijua ni ujinga, nikanyamaza kwa kuwa nilikuwa nimeapa. Mtu mzima mwenye cheti, nikaheshimu kiapo.

Naondoka na lori la kwanza. Dawa ninayo mkononi, ya sindano na ya kumeza. Akipata sindano moja tu kwa wakati atainuka, nimewaona wakiinuka. Mwombe Mungu mto ushuke.

Nthabeleng


Welkom
28 Februari 1982

Dada Nthabeleng,

Siwezi tena kukuita shemeji kwa utani, naomba unikubalie hili la dada.

Nimerudi huku kuchukua vitu vyangu na kuacha kazi. Kaburini hukunitazama. Nilijipanga upande wako mara mbili, ukahama. Ningefurahi ungenitukana mbele ya watu. Mtu akitukanwa anajua amesimama wapi.

Watu wa kijiji wamenisimulia habari zako za mtoni. Kwamba ulifika asubuhi, maji yakiwa yamefunika mawe yote, ukasimama ukingoni na mkoba wako, ukawapigia kelele watu wa upande wa pili wamlete mpaka majini ili umwone. Kwamba wanaume wawili walijaribu kuvuka kwa kamba wakarudishwa na mkondo. Kwamba ulikaa pale mvua ikikunyeshea, na watu wakija kukufunika blanketi ulilivua ukaufunika mkoba. Na kwamba mama yangu ndiye aliyekuja ukingoni upande wa pili kukupungia kitambaa cheusi. Mama hajui kuogelea, wala sauti yake haifiki ng'ambo, hakuwa na njia nyingine ya kukwambia.

Mimi nilifika baada ya hapo. Kila basi lilikuwa linasimama.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukulisikia kwa sababu uliondoka mapema. Baada ya watu kunawa mikono, mama aliwaambia kwamba Puseletso alikufa na mjukuu wake tumboni, na kwamba ni dawa za dada mtu zilizowaua wote wawili. Watu wakaguna. Wakakutaja kwa jina. Walikuwa wananitazama mimi niseme kitu. Nthabeleng, nilikunywa maji nikanyamaza. Nilikuwa na barua yako ndani ya koti, naisikia ikikwaruza kila nikipumua, na nikanyamaza. Usiku nikamwambia mama peke yake. Nilimweleza yote, ya tezi na ya chumvi. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo hakukuwa na mtoto?" Nikasema hakukuwa. Amemfunga Mohau mgongoni na hataki kumshusha, hata mimi hanipi.

Jumapili ijayo nitasimama kanisani niyaseme. Nimekwisha kumwandikia mchungaji, nisije nikarudi nyuma. Ukitaka kuwepo, njoo. Usipotaka naelewa.

Vidonge vyake ninavyo. Viko kwenye sanduku langu hapa, ndani ya soksi. Wakati anaumwa nilikuwa nalala juu yavyo, sanduku liko chini ya kitanda. Nimevihesabu nikaona vingemfikisha Pasaka, halafu nikaacha kuhesabu.

Lakini kilichonifanya nikuandikie usiku wa leo ni kingine. Nilipoingia chumbani nimekuta barua yake imewekwa juu ya blanketi langu. Ilichelewa kwa ajili ya mto, imefika mimi nikiwa kule nazika. Wenzangu waliiona wakaogopa kuigusa. Naiweka humu ndani pamoja na hii. Isome, halafu ubaki nayo wewe. Mimi nimeisoma, siwezi kukaa nayo chumba kimoja.

Lebeko


Ha Lephoto
30 Januari 1982

Mume wangu Baba Mohau,

Leo nina nafuu kidogo, au labda nimezoea. Nimemwomba mama aniegemeze ukutani nikuandikie mwenyewe.

Nimeamua kukwambia kitu. Dada amekuwa akinisukuma tangu Septemba nikakataa. Sasa nimelala hapa siku nyingi nikitazama dari, nikaona kwamba jambo linalonifanya nikuogope si kubwa kama nilivyofikiri. Kukuficha kunanichosha kuliko ugonjwa.

Siwezi kuzaa tena. Siku ya Mohau kitu kilikufa kichwani mwangu, tezi ndogo, dada atakueleza vizuri, yeye anajua kuieleza hadi mtu anaiona. Ndiyo iliyonikausha maziwa na kunilaza mchana. Sikuwa na mwanamume mwingine. Najua hukuwaamini waliosema ninaye, lakini nilitaka uambiwe na mimi. Wala sina mimba sasa, hata mama akikuandikia kwamba ninayo. Ameshona blanketi dogo, nimeshindwa kumwambia. Mwambie wewe.

Nameza vidonge vyeupe ambavyo dada alinipa. Ukisikia habari zake kwa watu usije ukafikiri ni vile vya kuzuia mtoto. Hivyo ndivyo vinavyoniweka hai. Nilikuficha, nikavimeza nimegeukia ukuta kama mwizi, nisamehe. Siku hizi sioni vikinisaidia sana. Lakini sijaacha, na sitaacha, kwa sababu nataka kumwona Mohau akienda shule.

Baba Mohau, kama unataka mwanamke wa kukuzalia binti, mwoe. Sitapiga kelele. Niachie tu Mohau, na sehemu ya ukuta inayopata jua asubuhi. Na kama unaweza kukaa na mimi hivi hivi nilivyo, bila binti, usiandike maneno mengi, najua unachoka ukitoka shimoni. Andika tu kwamba unaweza. Nitaelewa.

Mto umejaa lakini mtu wa farasi amesema atapita kesho. Jibu upesi.

Mkeo,
Puseletso